Rungu la Mvinje Kutoka Samoa

Msinitumie tena picha za milango kwenye simu mkaniuliza, "Babu, hii nzuri?" Nzuri kwa nini? Picha haina uzito. Mlango unataka uusukume kwa bega, uusikie unavyolalamika kwenye bawaba, ndo useme mzuri au mbaya. Nyinyi wajukuu zangu mnaofanya kazi kule viwandani Rusayl mna mashine inachonga ua zima huku nyinyi mnakunywa chai ya karak, na mie siwaonei wivu hata kidogo. Haya, kidogo. Lakini mmenambia niseme maneno mawili matatu kwa vijana wapya wa karakana, na mie kunyamaza sikufunzwa. Kwa hivyo kaeni, na huyo anayechezea simu aiweke mfukoni.

Nianze na gundi, kwa sababu gundi ndo iliyoniaibisha mwanzo. Nilikuja Maskati mwaka sitini na nne, kijana wa miaka ishirini na kitu, fundi seremala, nimefunzwa Unguja na ami yangu. Najiona hodari. Zamani zile gundi tulikuwa tukiichemsha, ya ngozi na kwato, inanuka mpaka jirani anafunga dirisha. Unguja unaipaka, unavuta pumzi, unamwita mwenzako, mnapiga soga, bado mbichi. Maskati haina habari na wewe, kiangazi ndicho kinachokuamrisha, gundi inakauka mkononi. Nilimgandishia mfanyabiashara mmoja wa Matrah kiti chake cha kuegemea, nikakifunga kamba vizuri, nikampelekea. Gundi ilishakauka kabla sijaziunganisha mbao, mie sijui. Mzee wa watu akakaa, akaitisha kahawa, na kahawa ilipofika yeye yuko chini. Mpaka leo ukoo ule wakiniona wananiuliza kama kiti ni salama.

Basi jifunzeni hili. Hapa petu hewa inanyonya. Kila unachokigandisha wakati wa joto kizungushie gunia bichi, gundi ipate nafasi ya kufanya kazi yake. Na mbao usiinunue leo ukaichonga leo. Iache ndani ya nyumba ikae, ikuzoee, ijue inaishi wapi. Tulikuja na makasha mazuri ya Unguja, ya msaji, na mwaka wa kwanza tu yakaanza kupasuka, tunayasikia yanalia saa sita ya mchana kama mtu anavunja kuni. Mti umekulia kwenye unyevu, ghafla umetiwa kwenye tanuri, utafanyaje? Watu nao walikuwa vivyo hivyo, lakini tuyaache hayo.

Ami yangu huyo niliyemtaja ni Ami Nasor, mdogo wake marehemu baba. Milango yake ya baada ya mwaka sabini mnaijua, ipo nyumba za watu wakubwa, na wengine wanaitolea picha kwenye vitabu. Nyinyi mnadhani alizaliwa na patasi mkononi na hakuiweka chini mpaka anakufa. Sivyo. Tangu tulipofika mpaka ile siku nnayotaka kuwaambieni, hakuchonga nakshi hata kwenye kijiti cha kuchokolea meno. Tulifungua karakana ndogo Matrah, nyuma ya soko, tukawa tunatengeneza vitanda, madirisha, masanduku ya tende. Patasi zake za nakshi alizifunga kwenye kitambaa cha kanga akazitia chini ya kitanda. Mtu akija kumwomba japo ua moja kwenye kasha la harusi, anasema, "Nakshi nimezikoma." Kwa sauti ile ile anayosemea mtu aliyekoma sigara.

Hakuwa mkali kwa kuzaliwa. Unguja alikuwa mtu wa maskhara, mafundi wanamzunguka. Lakini mwezi mmoja tulipata uhuru, tukashangilia, tukakesha barabarani, na mwezi uliofuata yale yaliyotokea yakatokea, na yeye akapoteza karakana, nyumba na rafiki zake wawili aliokua nao. Neno uhuru likawa halitajwi mbele yake. Ukilitaja, anainuka anakwenda kuswali, hata kama wakati wa sala haujaingia. Na Maskati ya siku zile haikuwa pahala pa kusahaulia shida, wanangu. Mji ukifungwa milango usiku, anayetoka lazima abebe kandili, na ruhusa unaiomba hata kwa jambo dogo la kuchekesha. Tulikaa kimya, tukafanya kazi.

Sasa, mafuta yalipoanza kupakiwa melini, mwaka sitini na saba hivi, zikaanza kuja meli kubwa pwani yetu, na mabaharia wa kila rangi. Kushuka ovyo ilikuwa marufuku. Anayeshuka ni mgonjwa tu, analetwa spitali ya Matrah. Na mie spitali ndo waliokuwa wakinipa kazi ya magongo ya kutembelea. Napima mtu kutoka kwapani mpaka unyayoni, nakwenda nakata, jioni nampelekea.

Siku moja wakanambia kuna baharia kavunjika mguu, kaanguka ngazini ndani ya meli, meli imemwacha, atachukuliwa na nyingine ya kampuni ile ile ikija. Nikaingia wodini. Subhanallah, pande la mtu yule. Kitanda kimemshinda, miguu imetokeza nje wameiwekea kiti. Jina lake Tavita. Kwao Samoa, visiwa vilivyo bahari ya mbali huko, ukivuka India ukavuka na Australia bado unakwenda. Nikampima, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha skuli kwamba magongo yake nitayachukulia mbao za kitanda. Akacheka mpaka mguu ukamuuma.

Halafu akanitazama mikono. Akaniuliza, "Wewe ni seremala wa kweli, au wa magongo tu?"

Swali hilo mtu angeniuliza Unguja ningempiga na randa. Nikamwambia, "Wa kweli." Basi akaingiza mkono chini ya godoro akatoa kitu kimefungwa kwenye blanketi, akakiweka mapajani taratibu kama anamlaza mtoto mchanga.

Lilikuwa rungu. Si rungu la Mmasai, lisikuchanganyeni. Refu kama mkono wa mtu mzima, upande mmoja umechongwa meno, bapa kidogo juu, na mwili mzima umejaa nakshi, mistari na pembetatu zimepangwa safu kwa safu, na ndani ya kila mstari mna weupe weupe. Na limekatika shingoni vipande viwili. Siku aliyoanguka alikuwa nalo begani kwenye mfuko, likapiga chuma kabla yake.

Akanieleza. Babu yake aliishi wakati watu wa kwao wanadai nchi yao kwa wageni waliokuwa wakiwatawala. Walidai kwa kuandamana na kwa kusema, hawakupiga mtu. Msemaji kwao kwa kawaida hushika fimbo, lakini kijiji chao, ili wageni waone kwamba silaha wanazo na hawataki kuzitumia, kilichonga rungu hili, na babu yake ndiye aliyelishika akisema. Wengine walifungwa, wengine walikufa, na nchi haikupatikana mpaka miaka mingi baadaye, yeye babu keshazikwa. Tangu hapo mkubwa wa ukoo wao hulishika siku anayotawazwa. Sasa mjomba wake amefariki, na ukoo umemchagua yeye Tavita. Walimpelekea rungu bandarini alipokuwa, ili arudi nalo mkononi mbele ya watu, asimame, aseme.

"Nikirudi nalo hivi," akasema, "hakuna atakayenifukuza. Watanikaribisha, watanipa chakula, na watamchagua mtu mwingine. Na mimi mwenyewe nitawaunga mkono." Hakulia, lakini alikuwa anatazama dirishani. "Mimi nimekuwa baharini miaka mingi. Hii ndiyo njia yangu ya kurudi kwetu. Sina nyingine."

Wallahi lile neno lilinichoma. Nikamwambia, "Nipe."

Njiani ndo nikakumbuka kwamba kazi ile mie siiwezi. Kuunganisha, naweza. Lakini pale shingoni palipokatika nakshi zimemeguka, zinataka zichongwe upya zifuate zile za zamani, na mtu wa kufanya hivyo Matrah yote ni mmoja, na yeye kazikoma.

Nilimkuta Ami Nasor anapiga randa mbao ya dirisha. Nikamwekea rungu juu ya meza. Akalitazama pasi na kuligusa.

"Sanamu?"

"Si sanamu, Ami. Mistari tu. Rungu la baharia, alilishika babu yake."

"Alikuwa anampiga nani?"

Nikamwambia hakumpiga mtu, alikuwa anasema. Anasema nini? Hapo nikajikwaa. Ningedanganya ingekuwa salama zaidi, lakini Ami Nasor uongo alikuwa anaunusa. Nikasema, "Alikuwa anadai uhuru."

Akaweka randa chini. Akajifuta mikono. "Mie uhuru umenitosha," akasema. "Mrudishie mwenyewe, mwambie Mungu amponye mguu." Akaanza kutafuta kofia yake ya kuswalia.

Nikafanya jambo la kipumbavu. Nikachukua kile kipande cha mpini nikamtia mkononi kwa nguvu, nikamwambia, "Basi nambie huu mti gani tu, halafu nenda."

Fundi humwulizi mti akakaa kimya, hilo nnaapa. Akaupima mkononi. Uzito ukamshtua. Akaugongesha kwa ukucha. Akalowesha kidole kwa mate akapaka pale palipokatika, na wekundu ukatoka, na vile vimishipa vyake vifupi vifupi. Akakaa kwenye kigogo.

"Mvinje huu."

"Haiwezekani, Ami. Samoa iko mwisho wa dunia."

"Mvinje nnakwambia. Mie nimekua nyuma ya nyumba mivinje mitatu, upepo ukivuma hatusikilizani. Unanifunza mvinje?" Akaupaka mate tena. Akakaa nao muda, anauzungusha tu. Kisha akasema, si kwangu, kama anauambia ule mti, "Kumbe na wao wanayo."

Nikajifanya nnapanga misumari. Mara akauliza, "Meli inakuja lini?" Nikasema wiki ijayo, Mungu akipenda. Akasema, "Kalete ule upondo uliovunjika."

Tulikuwa tumenunua mabao ya chombo kibovu pale pwani, na ndani yake mlikuwa na kipande cha upondo wa mvinje, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Sasa sikilizeni hapa, maana hili mashine haitakufunzeni. Kitu kilichokatika shingoni ukikigandisha uso kwa uso kitakatika tena pale pale. Unatoboa pande zote mbili kwa keekee, tundu likabiliane na tundu, na unatia kijiti ndani, cha mti ule ule. Na kijiti hicho kwanza unakifukia kwenye mchanga wa moto mpaka kikauke kabisa kuliko mti wenyewe. Ukikitia na gundi, kinakunywa unyevu, kinanenepa, kinashika. Hakitoki mpaka siku ya kiyama. Nilikata kijiti, Ami Nasor akatoboa, tukaunga, tukazungushia gunia bichi. Ilipokauka, mstari wa kuungia huuoni, unausikia kwa ukucha tu.

Akaenda nyumbani akarudi na kile kitambaa cha kanga. Akakifungua mezani. Patasi zilikuwa zimeshika kutu, akazinoa mchana kutwa. Mie nilitoka nje nikajifanya nnakwenda kununua msasa, kwa sababu machozi yalinitoka na yeye mambo hayo hapendi.

Akachonga vile vipande vilivyomeguka. Kipande cha kwanza mkono mzito, cha pili mwepesi, cha tatu ukawa wenyewe. Akaanza na kupiga mluzi. Akaniambia, "Aliyechonga hili alikuwa wa mkono wa kushoto. Tazama anavyotokea. Na hapa alichoka, akapumzika, akaanza tena." Anamsema kama mtu wa mtaa wa pili.

Na kwa furaha ile ile akafanya balaa.

Nyinyi hamkuziona nyumba za Unguja kabla ya Idi. Kila mtu anapaka chokaa, na wapaka chokaa, Mungu awasamehe, hawana adabu. Wanarusha brashi wanavyotaka, chokaa inamwagikia milango, inaingia kwenye nakshi, inaganda. Mfungo ukiisha kazi ya kwanza ya fundi wa milango ni kuitoa. Unakamua ndimu, unatia maji ya moto, unapaka, inachemka povu, unachokoa kwa kijiti na brashi ya nywele mpaka nakshi zitoke safi. Ami Nasor alifanya hivyo kila mwaka tangu hajaota ndevu. Alipouona weupe ndani ya mistari ya rungu akasema, "Kumbe na wapaka chokaa wanao vile vile." Mie nikacheka. Akakamua ndimu. Akachokoa mstari mmoja mmoja, kazi ya siku nzima, akapaka mafuta ya nazi, akalipiga kitambaa. Likang'ara, jeusi jekundu, hata chembe ya weupe hamna. Akalitazama akasema, "Sasa hili ndo rungu." Tangu tuje sikuwahi kumwona na uso ule.

Akataka alipeleke mwenyewe. Akavaa kanzu mpya.

Tavita alikuwa amekaa na magongo yake kando. Alipoona blanketi akanyoosha mikono miwili. Akalifunua. Kwanza akatazama shingoni, akapapasa, akacheka kwa furaha. Halafu akaligeuza, na kicheko kikakatika. Akaligeuza tena. Akapitisha kidole kwenye mistari, kidole kikarudi kitupu.

"Nyeupe iko wapi?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

Ami Nasor akaniuliza, "Kasemaje? Kapenda?"

Nilitamani ardhi inimeze. Tavita akanieleza, na mie nikawa namfasiria Ami neno kwa neno, nimesimama katikati yao. Ile nyeupe ilikuwa chokaa ya matumbawe, imechomwa kutoka mwamba wa kijijini kwao, na waliokuwa wakiandamana ndo walioipaka kwa vidole, kila mtu mstari, asubuhi kabla ya kutoka. Mababu na mabibi. Babu yake hakuipaka upya, wala mjomba wake.

Ami Nasor akakaa kwenye kile kiti kilichokuwa kikiwekewa miguu. Kanzu yake mpya, mikono magotini. Akasema, "Mwambie kwetu weupe kwenye nakshi ni uchafu." Nikamwambia. "Mwambie nilidhani nnamfanyia hisani." Nikamwambia.

Tavita naye hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu. Akasema tu, "Mkono wake ni mzuri. Naona." Akalifunga blanketi. Na hapo nikajua kwamba kwa moyo wake keshamkubali yule mtu mwingine atakayechaguliwa.

Tulirudi karakana. Nikamwambia Ami tutapata chokaa, sokoni imejaa. Tukaipeleka kesho yake, ile nyeupe ya hapa wanayopakia nyumba. Tavita akaisugua baina ya vidole, akainusa, akatikisa kichwa. Ilikuwa ya mawe ya mlimani. Akasema afadhali iwe haina kitu kuliko kuwa na kitu kisichotoka baharini. Ami Nasor akarudi karakana akaanza kuzifunga patasi kwenye kitambaa.

Mama yangu, Bi Zuwena, alikuwa ameleta chakula. Akamkuta shemeji yake anafunga kitambaa, na mie nimeinamisha kichwa. Akauliza kuna msiba gani. Nikamweleza yote, yeye anasikiliza huku anatafuna tambuu yake. Nilipofika kwenye ndimu akaacha kutafuna.

"Nyinyi wanaume wawili," akasema, "mafundi wa Unguja nzima, mmekwenda kuosha chokaa ya watu, na mmezunguka Matrah kutafuta nyingine. Na mie hapa nnatia nini kwenye tambuu, unga wa ngano?"

Akatoa kijaluba chake kwenye pindo la kanga. Msiojua, hicho ni kikopo kidogo cha fedha cha kuwekea chokaa ya tambuu. Na chokaa yenyewe ilikuwa ya matumbawe, imechomwa Unguja, laini kama siagi. Alikuja nayo kwenye kopo la maziwa ya unga. Ya hapa alikuwa haitaki, anasema inamchoma ulimi, kwa hivyo ile ya kwao alikuwa anaila kwa kuibembeleza, ncha ya kidole tu, na ilikuwa imebaki hiyo ya kijalubani basi. Sisi tulikuwa tunajua kwamba ikiisha atalia.

Ami Nasor akamwambia, "Shemeji, hiyo ndo ya mwisho."

"Nnajua mie ya mwisho. Nani kaihesabu kama mie? Twendeni."

Akatutangulia. Ukamwone Bi Zuwena anaingia wodini na buibui lake, anamwamkia kila mgonjwa, mpaka akafika kwa Tavita. Akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, safari yenyewe ndefu. Akamfungulia kijaluba puani kwake. Tavita akatia kidole, akakisugua, akakinusa, halafu akagusisha ulimini. Akafumba macho.

"Inatoka wapi?"

Nikamwambia, baharini kwetu. Mwamba wa matumbawe, kisiwani.

Akakitazama kidole chake, cheupe. Kisha akafungua blanketi, akamsogezea Mama rungu.

Alipaka Tavita, tukapaka na sisi. Mama akatufunza, maana tulikuwa tunaitia nyingi mno. "Kidogo, isukume ndani kwa ukucha, juu futa," anasema, na mie namfasiria, na lile jibaba linatii kama mwanafunzi wa chuo cha Kurani. Ami Nasor alipaka vile vipande alivyovichonga upya. Muuguzi mmoja alisimama kututazama, akaombwa akae naye apake mstari, akakaa. Kijaluba kikafika chini, Mama akakikwangua kwa pini ya nywele. Mstari wa mwisho ulipojaa, ndani hamkuwa na kitu. Akakifunga, akasema, "Haya, nitatafuna tambuu kavu. Nimezaa kwa uchungu zaidi ya huo."

Tavita akalishika rungu mwanga ukilipiga. Lilikuwa limerudi. Hakusema lilikuwa zuri kama mwanzo, mtu mkweli yule. Alisema, "Sasa linaweza kwenda."

Kisha akatuomba majina yetu. Akaeleza kwamba kwenye ukoo wao, msemaji akishalinyanyua, kabla ya jambo lolote hutaja mikono iliyoligusa. Aliyekata mti, aliyechonga, walioandamana nalo, mjomba. Asipowataja wote, maneno yake hayana pahala pa kukaa. Na sisi tumo sasa.

Mie nikataja jina langu, Khalfan. Mama akataja lake mara mbili, akamwonya asisahau chokaa. Ami Nasor akasema, "Mwambie aseme fundi mmoja wa Matrah, yatosha."

Nikafasiri. Tavita akatikisa kichwa. "Jina la mtu, na kisiwa chake. Kisiwa lazima."

Nikamrudishia Ami. Akatazama sakafu. Tangu tuje, yeye akitaka kusema kwetu alikuwa anasema "kule" tu, na anageuza uso. Mama hakumsaidia, wala mie.

"Nasor," akasema. "Nasor, Unguja."

Tavita akasimama. Alisimama kwa gongo moja, rungu mkono wa pili, kichwa chake kinakaribia panka la darini. Akasema anataka kujaribu, asije akakosea siku yenyewe. Akaanza kwa lugha yao. Sauti ilikuwa nzito na ya taratibu, hatukuelewa hata neno, na hakuna aliyejikuna. Majina yakawa yanapita, ya watu waliokufa kwenye bahari tusiyoijua, moja baada ya moja. Mara nikasikia langu, limepinda kidogo mdomoni mwake. Nikasikia Zuwena. Halafu akapumua, akalinyanyua rungu juu zaidi, akasema Nasor, akasema Unguja.

Akamaliza. Ami Nasor alikuwa ameshika pindo la kanzu yake kwa mikono miwili, na ndevu zimelowa.

"Khalfan," akaniambia, "mwambie arudie hapo."

Nikamwambia. Akarudia.